Maoni Yetu: Dawa Zilizothibitishwa Kwetu Zikae Kwetu

Dawa mbili za Ebola ambazo Shirika la Afya Duniani linazipendekeza leo zilithibitishwa Mangina, Beni, Katwa na Butembo, hapa Kivu Kaskazini. Waliozithibitisha ni wagonjwa wa huku: wakulima, wachuuzi, wanafunzi, akina mama wajawazito, watoto. Walikubali kupewa dawa ambayo hata waganga wenyewe hawakuwa na hakika nayo. Kwa hiyo mtu wa Alimbongo akipimwa kesho na kukutwa na virusi vya Ebola, dawa imfikie siku hiyo hiyo. Isiwe ya kuombwa kwa barua kutoka Kinshasa na kungojewa kama msaada.

Tunaanza na yaliyofanyika, maana familia nyingi zilizompoteza mtu au kumrudisha mtu nyumbani hazijawahi kuelezwa vizuri.

Ebola ilitangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018. Ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imewapata watu 3,470 na kuua 2,287 kati yao. Ilitembea katika zoni nyingi za afya za Kivu Kaskazini na Ituri, na zoni ya Alimbongo haikusalimika. Katika miezi ya kwanza waganga walikuwa na dawa kadhaa mkononi, lakini hakuna hata moja iliyokuwa imethibitishwa kwa binadamu. Zilitolewa kwa huruma: mgonjwa anakata roho, dawa ipo, apewe. Hakuna wa kumlaumu mganga kwa hilo. Lakini njia hiyo haimfundishi mtu kitu. Mgonjwa akipona, hujui kama ni dawa, ni serumu aliyowekewa, au ni nguvu ya mwili wake. Akifa, hujui kama dawa imeshindwa au yeye alichelewa kufika.

Tarehe 20 Novemba 2018 ukaanza utafiti uliopewa jina la Pamoja Tulinde Maisha. Uliongozwa na taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, INRB, ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, kwa kushirikiana na taasisi za afya za Marekani, ndani ya vituo vya matibabu vya Ebola, zile CTE tulizozizoea. Dawa zilikuwa nne: ZMapp, remdesivir, mAb114 na REGN-EB3. Kila mgonjwa aliyekubali, au aliyekubaliwa na wazazi wake, alipangiwa dawa moja kwa kura.

Kura ni jambo gumu kumweleza mama aliyeshika mtoto mwenye homa kali. Kwa nini mwanangu apewe dawa kwa bahati, si kwa kuchaguliwa iliyo bora? Swali hilo ni la haki na lina jibu. Hakuna aliyejua iliyo bora. Wengi walidhani ni ZMapp. Ilikuwa imejaribiwa wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, kwa wagonjwa 72 tu, na gonjwa likaisha kabla utafiti haujatoa jibu. Remdesivir nayo ilikuwa imewaokoa nyani katika maabara. Kama waganga wangeachiwa wachague kwa imani yao, inawezekana kabisa kwamba mpaka leo ZMapp ndiyo ingekuwa dawa ya Beni. Jambo jingine linalofaa kurudiwa, kwa sababu uvumi wake haujafa: hakuna mgonjwa hata mmoja katika utafiti huo aliyepewa maji matupu ili atazamwe anavyokufa. Kila mmoja alipata dawa mojawapo kati ya nne, na wote walipata huduma ya msingi: serumu, kurekebishwa chumvi za mwili, dawa za malaria na za bakteria.

Tarehe 9 Agosti 2019, kamati huru iliyokuwa ikiangalia usalama wa wagonjwa ilisoma matokeo ya watu 499 wa kwanza na kusema basi. Tofauti ilikuwa imeonekana wazi, na kuendelea kupiga kura kati ya dawa nne kungekuwa kumnyima mtu uhai. Tangu siku hiyo wagonjwa wakapewa mAb114 au REGN-EB3 peke yake. Watu 681 walikuwa wameshaingia katika utafiti. Hesabu za mwisho zilipotoka Novemba 2019, zilionyesha kwamba katika siku 28 ZMapp ilikuwa imepoteza karibu nusu ya wagonjwa wake, na remdesivir asilimia 53. Kwa mAb114 walikufa asilimia 35, na kwa REGN-EB3 asilimia 33.5.

Asilimia 35 bado ni vilio vingi. Lakini ndani ya hesabu hizo mna jambo lililo zito zaidi kwa wasomaji wetu wa Alimbongo, Kyondo, Manguredjipa na popote palipo mbali na hospitali kubwa. Wagonjwa waliofika wakiwa na virusi vichache katika damu, wakapewa mojawapo ya dawa hizo mbili, karibu tisa kati ya kumi walipona. Waliofika virusi vimeshajaa, zaidi ya nusu walikufa hata wakapewa dawa iliyo bora. Watafiti walihesabu pia siku: kila siku mtu aliyokaa na dalili kabla ya kuingia katika matibabu iliongeza uwezekano wa kufa kwa asilimia kama 11.

Hapo dawa inakuwa habari ya barabara. Mtu wa Alimbongo akianza homa, haanzi kufikiria Ebola. Anafikiria malaria, na mara nyingi ana haki. Anaanzia kwenye duka la dawa. Baadaye anaenda kituo cha afya, au zile nyumba za matibabu za tradi-moderne, zinazochanganya dawa za kienyeji na za kisasa, ambako mwaka 2018 pale Beni watoto walipelekwa kutibiwa malaria na wengine wakatoka na Ebola. Siku ya nne au ya tano ndipo inatafutwa piki-piki ya kumteremsha Lubero hadi Butembo, kwenye barabara ya taifa namba 2, na mvua ikinyesha kila mtu huku anajua maana yake. Damu ichukuliwe, isafiri, ipimwe, jibu lirudi. Ikiwa baada ya hayo yote dawa yenyewe iko ng'ambo, kinachobaki ni kumshikia mgonjwa mkono. Dawa hizi zina faida moja kubwa katika hali kama yetu: zote mbili hutolewa mara moja tu, kwa kupitia mshipa, na kazi imekwisha. Remdesivir ilihitaji angalau siku kumi. Hakuna sababu ya kitabibu ya kuziweka mbali.

Wapo watakaosema kwamba watu wa huku walichelewa kwa ubishi wao. Hatukubali. Walichelewa katika mwaka ambao Beni ilikuwa ikizika watu waliochinjwa, na wengi waliuliza kwa nini dunia imekuja kwa ajili ya ugonjwa na haikuja kwa ajili ya mapanga. Mwisho wa Desemba 2018, Beni na Butembo ziliambiwa hazitapiga kura ya rais kwa sababu ya Ebola, huku masoko na makanisa yakiwa wazi. Februari 2019 CTE ya Katwa ikachomwa, na siku chache baadaye ile ya Butembo ikashambuliwa. Aprili mwaka huo Daktari Richard Mouzoko, aliyetoka Kameruni kuja kutusaidia, aliuawa ndani ya Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben. Tunalilaani tendo hilo leo kama siku ile. Na Septemba 2021 tume huru ya Shirika la Afya Duniani ilieleza jinsi baadhi ya waliokuja katika Riposte, yaani shughuli ya kupambana na Ebola, walivyowadhulumu wanawake kingono. Imani ilivunjwa na watu wengi na mambo mengi. Pamoja na hayo yote, watu 681 waliingia katika utafiti. Hilo halijasifiwa vya kutosha.

Nao waliopona wana haki ya kuambiwa ukweli wote, hata ule usiopendeza. Kwa upande wa madhara ya dawa yenyewe, habari ni njema: katika utafiti wote ni matukio mazito manne tu yaliyoonekana kuweza kuhusiana na dawa. Lakini kupona si mwisho wa safari. Virusi vinaweza kujificha katika mwili, hasa katika macho, ubongo na mbegu za kiume. Mgonjwa mmoja aliyetibiwa kwa mAb114 mwaka 2019 aliugua tena miezi kadhaa baadaye, na mnyororo wa maambukizi uliotokana naye ulifikia watu 91. Februari 2021 Ebola ilirudi katika eneo la Butembo, na uchunguzi wa virusi ukaonyesha kwamba ilitokana na gonjwa lile lile la 2018 hadi 2020. Agosti 2022 ikatokea tena Beni, kwa njia ya namna hiyo.

Kuna wanaotaka mambo haya yasemwe kwa kunong'ona, wakiogopa kwamba waliopona watatengwa. Sisi tunaona kinyume. Kinachomtenga mtu ni mtaa kuwa na habari nusu. Aliyepona anahitaji kliniki inayompima macho, mbegu za kiume na hali ya mwili bila malipo, kwa miaka, si kwa muda wa mradi wa mfadhili. Jirani yake anahitaji kujua kwamba kula naye, kusali naye na kufanya naye biashara hakuna tatizo. Muuguzi naye, akimpokea mtu aliyewahi kuwa na Ebola na sasa ana homa, ampime mapema, bila woga na bila kumfukuza.

Chanjo pia imetufundisha jambo. Kati ya wagonjwa waliolazwa katika gonjwa lile, wasiochanjwa walikufa asilimia 56, na waliokuwa wamechanjwa, japo wengine siku chache tu kabla ya kuugua, walikufa asilimia 25. Chanjo hiyo ina akiba ya kimataifa tangu Januari 2021, iliyolenga dozi laki tano kwa ajili ya dharura. Dawa hazikuwekewa akiba kama hiyo. Marekani iliidhinisha REGN-EB3 Oktoba 2020 na mAb114 Desemba 2020, na serikali yake ikajinunulia kwa ajili ya usalama wa nchi yake. Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza rasmi Agosti 2022, na wakati huo huo likasema kwamba kuzipata bado ni shida katika nchi zinazozihitaji. Septemba 2025 Ebola ilipotangazwa Bulape, huko Kasai, mAb114 ilibidi isafirishwe kuwafuata wagonjwa baada ya gonjwa kuanza. Kufikia mwisho wake, tarehe 1 Desemba, watu 45 walikuwa wamekufa kati ya 64. Hatusemi wote wangepona. Tunasema siku zile za kwanza ndizo dawa inazofanyia kazi, na siku zile zilipotea.

Kuna jambo linalotuuma zaidi. Asili ya mAb114 ni damu ya Mkongomani aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Kikwit huko huko ndiko Profesa Muyembe na wenzake walikowawekea wagonjwa wanane damu ya waliopona, na saba wakaishi, wakati wataalamu wengi wa nje walikataa kuamini. Damu ilitoka Kongo, wazo lilifanyiwa kazi Kongo, uthibitisho ulitoka Beni na Butembo. Haki gani basi inayoiweka dawa hiyo kwenye ghala la nchi ambako ugonjwa huu haujawahi kuzuka?

Wala Goma, makao makuu ya mkoa, haiwezi tena kuwa mahali pa kuiweka dawa. Desemba 2024 vita vilifika Alimbongo na watu wakakimbilia Lubero na Butembo. Januari 2025 Goma ikabadilisha mikono, na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Akiba ya Kivu Kaskazini ikae mahali panapofikika: Butembo, wenye uwanja wa Rughenda, na Beni, wenye uwanja wa Mavivi. Friji za chanjo za kawaida zipo katika miji yote miwili, na dawa hizi zinataka ubaridi ule ule wa nyuzi mbili hadi nane. Wauguzi waliofanya kazi katika CTE wapo, wengine sasa hawana kazi. Vituo vya mbali kama Alimbongo vipewe uwezo wa kuchukua damu kwa usalama na kuituma na piki-piki saa hiyo hiyo, na pande zote zenye silaha ziiache ipite.

Dawa hizi mbili zina mpaka wake, na wasomaji waujue. Zilithibitishwa kwa Ebola ya aina ya Zaire peke yake. Kwa aina ya Sudan, iliyozuka Uganda mwaka 2022 na tena 2025, na kwa aina ya Bundibugyo, iliyoonekana mwaka 2007 ng'ambo ya Semliki na mwaka 2012 huko Isiro, hazijathibitishwa. Utafiti mwingine utakuja, na kura nyingine itapigwa. Safari hiyo, makubaliano ya nani atapata dawa baada ya utafiti yaandikwe kabla mgonjwa wa kwanza hajatia sahihi, na matokeo yaletwe kwa familia kwa Kinande na Kiswahili, makanisani, sokoni na redioni, si kwa jarida la Kiingereza peke yake.

Kwa sasa tunaiuliza Wizara ya Afya, idara yake ya mkoa na Shirika la Afya Duniani maswali mawili, na tutachapisha majibu yao kama yatakavyokuja: leo kuna dozi ngapi Butembo na Beni, na ni nani anayeshika ufunguo wa friji?