Mazoezi baada ya kujifungua: nani atamshika mtoto?

Mama, ukija kliniki wiki ya sita baada ya kujifungua, maswali mengi ni ya mtoto. Ananyonya vizuri? Uzito umeongezeka? Amepata chanjo? Ni nadra sana kuulizwa kama wewe umeanza kutembea na kuushughulisha mwili. Leo tuzungumze kuhusu wewe.

Hali ikoje?

Takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO) zilizotolewa mwaka 2024 zinaonyesha kuwa wanawake 34 kati ya 100 duniani hawaushughulishi mwili vya kutosha. Kwa wanaume ni 29. Kwa watu wazima wote, idadi imepanda kutoka 26 mwaka 2010 hadi 31 mwaka 2022.

Kiwango kinachoshauriwa ni angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2020 ndio wa kwanza wa shirika hilo kuwa na ushauri mahususi kwa wajawazito na waliojifungua.

"Lakini mimi kutwa nzima sikai!"

Najua. Kuchota maji, kufua na kudeki vyote vinahesabika, mradi moyo uende kasi kidogo na uweze kuongea lakini usiweze kuimba. Ila saa nyingi za mzazi hupita akiwa ameketi ananyonyesha, au anauza genge huku amempakata mtoto, na usiku hajalala. Kuchoka na kuushughulisha mwili si kitu kimoja.

Tatizo liko wapi?

Kwa ninavyoona nikitembelea kaya, si uvivu. Siku za arobaini, mama mzazi, shangazi au wifi yupo: anapika, anafua, anamwogesha mtoto. Arobaini ikiisha, wanaondoka. Wakati huo ndipo mwili wako unapokuwa tayari kuongeza mazoezi, na ndipo kazi zote zinaporudi kwako kwa pamoja. Mwajiriwa Tanzania ana likizo ya uzazi ya siku 84. Mama lishe hana likizo hiyo. Hurudi jikoni akiba inapokwisha.

Kwa hiyo kabla ya kumwambia mama "fanya mazoezi", familia ijiulize: nani atamshika mtoto? Baba akimchukua nusu saa jioni, hilo ni tiba. Bibi akija mara mbili kwa wiki hata baada ya arobaini, pia ni tiba. Ukikosa mtu, tembea na mtoto mgongoni shingo yake ikishakaza, au pangeni zamu na jirani.

Uanze vipi?

• Siku za mwanzo: pumzika, lakini usilale kutwa. Kutembea taratibu ndani ya nyumba husaidia damu isigande miguuni.
• Kaza misuli ya nyonga kana kwamba unazuia mkojo, hesabu hadi tano, kisha achia. Rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Husaidia mkojo usivuje unapokohoa au kucheka.
• Ukiwa umejifungua kwa upasuaji, usinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wako kwa wiki sita za mwanzo, na uliza mhudumu kabla ya kuongeza mazoezi.
• Ongeza kidogo kidogo: dakika kumi, kisha ishirini.

Mazoezi ya kiasi hayapunguzi maziwa. Kufunga tumbo kwa kanga kunaweza kukupa nafuu ya mgongo, lakini hakujengi misuli. Na lengo si tumbo lirudi haraka. Mazoezi husaidia pia kupunguza huzuni inayowapata wengi baada ya kujifungua.

Wahi kituo cha afya ukiona:

• damu nyingi, au homa
• kidonda kinachouma zaidi, kutoa usaha au kufumuka
• mguu mmoja kuvimba na kuuma
• kubanwa na pumzi au maumivu ya kifua
• kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu
• mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto

Mkojo ukiendelea kuvuja, sema. Wengi hunyamaza kwa aibu wakidhani ndiyo gharama ya kuzaa. Sivyo, na unatibika.

Ukija kliniki safari ijayo, usingoje kuulizwa. Mwambie muuguzi: "Na mimi nina swali langu."