Tairi la Bingwa na Pikipiki ya Mwanafunzi

Mzee mmoja, msomaji wetu wa miaka mingi, ametuletea barua ambayo tumeona haifai kujibiwa kwa faragha tu. Mwanawe yuko Uingereza kikazi, na kwa akiba yake mwenyewe amenunua pikipiki ndogo ya mbio aina ya Kawasaki Ninja 400. Hilo mzee halipingi. Linalomnyima usingizi ni kwamba kijana ameanza kuipeleka katika viwanja vya mbio, siku zile ambazo mwenye pikipiki hulipa ada yake, akaingia, akazunguka kwa kasi aipendayo pasipo kushindania kikombe. Na sasa amemwandikia babake akimwomba msaada wa fedha anunue matairi ya mashindano, yale yasiyo na mfereji hata mmoja, pamoja na mablanketi ya umeme ya kuyapashia moto. Mzee anauliza: je, huu ni upuuzi au ni hadhari? Nimpe au nimnyime?

Huenda wasomaji wengine wakastaajabu kuiona safu hii, iliyozoea kunena habari za bei ya mahindi na uchafu wa masoko, ikijitia katika mambo ya matairi. Lakini vijana wetu walio ng'ambo ni wengi, na mchezo huu umewanasa wengi wao. Aidha, swali la mzee ni zito kuliko linavyoonekana. Mwendeshaji wa pikipiki anapoilaza kwenye kona, kinachomshika asiruke nje ya barabara ni vipande viwili vya mpira, kimoja mbele na kimoja nyuma, kila kimoja kisichozidi sana upana wa kiganja cha mkono. Akikosea katika kuvichagua, hakuna ufundi utakaomwokoa.

Basi jibu letu kwa ufupi ni kwamba mzee asitoe fedha hizo. Sababu zetu si ubahili, na tungependa kijana naye azisome.

Kwanza aitazame pikipiki aliyonayo. Ninja 400 ina injini ya sentimita za ujazo 399, nguvu zake ni kiasi cha farasi 45, na uzito wake haufiki kilo 170. Pikipiki kubwa za mbio, zile za sentimita 1000, zina nguvu zinazokaribia farasi 200 au kuzipita, na tairi lao la nyuma lina upana wa milimita 190 hadi 200. Matairi ya mashindano yalizaliwa kwa ajili ya majitu hayo. Mpira wake umechanganywa ili ufanye kazi ukiwa wa moto sana, na moto huo hautoki mbinguni. Hutokana na tairi kukandamizwa, kupindwa na kusuguliwa na uzito, breki na nguvu za injini. Pikipiki nyepesi yenye nguvu chache, tena mikononi mwa mwanafunzi anayefunga breki mapema na kulaza kwa woga, haina uwezo wa kuupata moto huo wala kuudumisha. Na mpira wa mashindano ukiwa baridi huwa mgumu na wenye utelezi kuliko tairi la kawaida la barabarani. Hapo kijana atakuwa amelipa fedha nyingi ili ashike lami kidogo zaidi.

Huku kwetu tairi la kipara ni tairi lililokwisha, na askari wa usalama barabarani akiliona humwandikia mwenyewe faini. Kule kiwandani hulitengeneza likiwa kipara tangu siku ya kwanza, na bei yake ikapanda. Halina kosa, mradi liwe mahali pake: lami kavu, mwendo mkali, mpira wa moto. Lakini Uingereza ni nchi ya mvua za ghafla na asubuhi za baridi, na tairi lisilo na mifereji halina njia ya kuyatoa maji.

Mfano ulio wazi ni uwanja wa Brands Hatch, ulioko Kent. Mzunguko wake mfupi una urefu usiofika kilomita 2. Kona ya kwanza, Paddock Hill, inakwenda kulia huku ikiteremka ghafla. Ya pili, Druids, inakwenda kulia pia, imekunjamana kama kiwiko. Kisha barabara inateremka tena na kufika kona ya tatu, Graham Hill, ambayo inakwenda kushoto. Katika mzunguko mzima kona za kushoto ni mbili tu. Maana yake ni kwamba ubavu wa kulia wa tairi hupata kazi na kuchemka, ilhali ubavu wa kushoto umekaa hewani ukipepewa na upepo wa Kent. Mwendeshaji anafika kona ya tatu akiwa amejaa imani aliyoipata katika kona mbili za kulia, analaza upande wa kushoto kwa imani ile ile, na tairi la mbele linamtoroka. Waliozoea uwanja huo wanaijua hatari hiyo vyema. Mgeni huijua akiwa anaburuzwa juu ya nyasi.

Kijana atajibu kwamba ndiyo sababu ameomba mablanketi. Tunakiri kuwa hoja hiyo ina uzito. Mablanketi ya umeme hulipasha tairi hadi kiasi cha nyuzi 80 kabla ya kutoka, na mashindanoni ni kifaa cha lazima. Lakini blanketi linalipasha tairi likiwa limesimama tu. Likishavuliwa, kazi ya kulinda moto huo ni ya mwendeshaji. Iwapo hana kasi ya kutosha, mzunguko wa kwanza tairi litamshika ajabu, wa pili litamshika vizuri, na kufikia wa nne au wa tano limeanza kupoa na wala halimpi taarifa. Sisi tunaona hila hiyo ni mbaya kuliko baridi ya tangu mwanzo. Mtu aliyetoka na tairi baridi hujihadhari. Aliyetoka na tairi la moto amekwisha kuliamini.

Tena, ni nani aliyemwambia kwamba mabingwa wa pikipiki ndogo hutumia vipara? Mashindano ya dunia ya tabaka hili, yaliyoitwa Supersport 300, yalianzishwa mwaka 1997 na ishirini, yaani 2017, na waendeshaji wote walifungwa kutumia matairi ya kampuni moja, Pirelli. Mwaka 2018 taji lilichukuliwa na Ana Carrasco wa Hispania, kwa tofauti ya pointi moja tu, naye akawa mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa mtu mmoja mmoja katika mbio za pikipiki za barabarani akishindana na wanaume. Alipanda Ninja 400, pikipiki ile ile ya kijana wetu. Na matairi yake, Diablo Supercorsa, yalikuwa na mifereji. Ni mpira wa mbio, hatukatai, wala hatumshauri mwanafunzi kuuanzia. Lakini kama bingwa wa dunia alishinda kwa tairi lenye mifereji, mwanafunzi wa Kent ana haja gani ya kipara?

Basi anunue nini? Kwa siku zake za kwanza, huenda asihitaji kununua kitu. Ninja 400 ilitoka kiwandani na matairi ya radiali, 110/70 mbele na 150/60 nyuma, ya inchi 17. Tairi la radiali, ambalo nyuzi zake hupita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja wa rimu hadi wa pili, hukanyaga lami kwa utulivu kuliko yale ya zamani ambayo nyuzi zake hupishana mshazari. Yakiisha hayo, atafute radiali nzuri za michezo zilizoruhusiwa barabarani, za kampuni yenye sifa, kwa vipimo vile vile vilivyoandikwa katika kitabu cha pikipiki. Hupata moto upesi, hustahimili mvua, na zitamrudisha nyumbani jioni. Kampuni ya TVS ya India, ambayo pikipiki zake ndogo zinawabeba abiria wengi katika miji yetu, ilitoa Apache RR 310 mwishoni mwa 2017 ikiwa na vipimo hivyo hivyo vya matairi. Na mwaka 2020, ilipotaka kuiboresha, iliiwekea Michelin Road 5, tairi la safari ndefu lisifiwalo kwa kushika lami iliyolowa. Wahandisi wale hawakuona haya kufanya hivyo.

Kama fedha zinatosha tairi moja tu jema, na liwe la mbele. Katika pikipiki kubwa tairi la nyuma ndilo linaloteswa na nguvu za injini. Pikipiki ndogo haina nguvu hizo, kwa hiyo mwendeshaji hutafuta muda wake ndani ya kona, akiingia na mwendo wote alio nao; na anayembeba humo ni tairi la mbele.

Asidanganywe pia na upana. Tumesikia kwamba wenye Yamaha R3, ambayo tairi lake la nyuma ni 140/70, hupenda kuvisha 150/60 ili pikipiki ionekane ya kiume. Hesabu yake ni nyepesi. Kimo cha ubavu wa 140/70 ni milimita 98. Cha 150/60 ni milimita 90. Nyuma imeshuka milimita 8, pikipiki imekuwa nzito kugeuka, na hakuna alichobadilisha ila sura. Isitoshe, tairi pana huhitaji pikipiki ilazwe zaidi kwa mwendo ule ule wa kona. Wepesi ndio mali pekee ya pikipiki ndogo. Sioni, wala wenzangu katika meza hii hawaoni, kwa nini mtu auze wepesi huo ili kupata unene.

Kuna jambo la mitumba. Katika viwanja hivyo huuzwa kwa bei ya kutupa matairi yaliyovuliwa katika pikipiki za mashindano, na macho ya mgeni huona mpira mwingi bado umesalia. Lakini mpira wa mbio hauishi kwa kulika tu. Kila unapopashwa ukapoa, ukapashwa tena ukapoa, unapoteza ulaini wake, na ugumu huo hauonekani kwa macho. Pikipiki nyepesi ndiyo yenye kudhulumiwa zaidi hapa, kwa sababu hailii tairi haraka. Tairi linaweza kuonekana jipya huku limekwisha kufa. Hata jipya la dukani lichunguzwe. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yaanzayo na DOT, pana tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni tairi lililotengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Utaratibu huo umekuwapo tangu 2000, na waendesha bodaboda wetu wanaonunua matairi yaliyochomwa na jua mbele ya duka wangefaidika nao vile vile.

Na upepo. Hiki ndicho kitu rahisi kupita vyote, na ndicho kinachosahauliwa na wengi. Kitabu cha Ninja 400 kinasema pauni 28 mbele na 32 nyuma, tairi likiwa baridi. Hewa ikichemka hutanuka: tairi lililojazwa pauni 30 asubuhi yenye nyuzi 25 litakuwa na kiasi cha 35 likifika nyuzi 60. Anayejaza wakati wa baridi kisha asipime tena, mchana anazunguka na tairi lililovimba, linalokanyaga lami kwa ncha. Anayepunguza bila kipimo, kwa kusikia maneno ya jirani, anaweza kujikuta na tairi lililolegea ambalo halimtii. Kijana apime kabla ya kuingia, apime mara atokapo, aandike katika daftari. Kipimo kizuri cha upepo ni bei ndogo sana mbele ya mablanketi.

Hatutaki mzee adhani kwamba tairi jema huondoa hatari yote. Mwezi Septemba 2021, katika uwanja wa Jerez nchini Hispania, Dean Berta Viñales alikufa katika mbio za tabaka hilo hilo la Supersport 300. Alikuwa na umri wa miaka 15. Hakuna anayesema kwamba kosa lilikuwa la matairi. Pikipiki ndogo hukimbia zikiwa zimesongamana, na anayeanguka huwa na wenzake nyuma yake. Twalitaja kwa kuwa wapo wanaodhani kuwa udogo wa injini ni udogo wa hatari.

Kwa hiyo tunamshauri mzee ampelekee mwanawe thamani ya tairi moja la mbele na kipimo cha upepo, na kama moyo wake una nafasi, ada ya mwalimu kwa siku moja, kwani katika siku hizo za viwanja hupatikana walimu wanaomfuata mwanafunzi na kumwonyesha makosa yake. Habari ya vipara na mablanketi ingoje mpaka kijana awe na kasi ya kuyachosha matairi ya barabarani. Nayo yataonyesha yenyewe, kwa kuanza kuteleza yakiwa ya moto mno badala ya baridi mno. Na katika barua ijayo mzee amwagize aziandike zile tarakimu nne zilizo ubavuni mwa matairi aliyo nayo sasa.