Tufe la Mtumba na Kipimo cha Mkono



Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini mfuko hauruhusu kipya kila mara, na ndiyo maana wengi wetu twalijua vyema soko la Kongowea. Twajua pia kwamba bei ya gauni la mtumba haiishii kwa muuzaji. Kuna na ujira wa fundi wa kulibana kiunoni na kulipunguza mikono. Asiyeuhesabu ujira huo mapema huja akajuta. Wiki hii hesabu hiyo imenijia kwa njia nisiyoitarajia.

Binti wa kaka yangu anaishi Minneapolis, Marekani, pamoja na mumewe na watoto wao. Baridi ya huko ni kali, na kwa miezi mingi watu hunyoosha viungo ndani ya majumba. Yeye na wenzake wa msikitini hukutana Jumapili asubuhi wakacheza bolingi, yaani kuviringisha tufe zito juu ya sakafu laini, mwendo wa futi 60, ili kuangusha vigingi 10 vilivyosimamishwa mwisho wa njia. Tufe lina matundu matatu: la dole gumba, la kidole cha kati na la kidole cha pete. Matufe ya kuazima ukumbini hutobolewa kwa kukisia mkono wa yeyote, kwa hiyo ni nadra kumkaa mtu barabara. Dole gumba lilipoanza kumvimba, akaazimia kununua tufe lake mwenyewe.

Akaliona moja lililotumika, zambarau yenye kumetameta, kwa dola 20. Akalilipia bila ya kuuliza neno. Alipolipeleka kwa fundi, akaambiwa kuliziba matundu na kulitoboa upya ni dola 80. “Shangazi,” akaniambia kwa simu, “nimenunua kifungo na sasa natakiwa ninunue kanzu.”

Nilimuuliza kwa nini kazi hiyo iwe ghali, naye akanieleza aliyoyaona. Fundi huanza kwa kuupima mkono: shibiri kutoka dole gumba hadi vile vidole viwili, unene wa kila kidole, na mwinamo ambao kila tundu litaingia nao. Hakuna mikono miwili iliyo sawa, na tufe lililotobolewa kwa ajili ya mkono wa kulia halimfai anayetumia wa kushoto. Kisha matundu ya zamani husafishwa, kwa kuwa njia za bolingi hupakwa mafuta, na gundi haishiki penye mafuta. Ndipo humiminwa gundi nzito ya majimaji, ikaachwa hadi igande na kuwa ngumu, mara nyingi mpaka siku ya pili. Baadaye hukwanguliwa ikawa sawa na uso wa tufe, na mwisho ndipo hutobolewa matundu mapya. Tena fundi hatoboi popote apendapo. Ndani ya matufe mengi mna kiini kizito kisichokuwa mviringo kamili, na mahali pa matundu hubadilisha namna tufe linavyopinda njiani.

Basi, kwa mwenye binti, dada au mjukuu katika nchi hizo, haya ndiyo ya kutazamwa kabla ya kutoa pesa.

La kwanza na kubwa ni uzito. Tufe zito kabisa linaloruhusiwa ni ratili 16, yaani kilo 7 na robo. Fundi aweza kurekebisha matundu, lakini hawezi kulifanya zito kuwa jepesi. Linaloulemea mkono likiwa la bei ya chini litaulemea vile vile baada ya gharama zote.

La pili ni nyufa. Ufa mdogo kati ya matundu ya vidole huweza kuzibwa pamoja nayo, lakini ufa mrefu ubavuni ni hasara. Matufe mengi hupasuka kwa kuachwa ndani ya buti la gari, kwenye baridi kali au jua kali.

La tatu, tazama alama za duara. Hizo ni matundu yaliyokwisha kuzibwa. Kila moja ni kiungo, na viungo vikizidi, nguvu hupungua. Likiwa na tundu la nne la kusawazisha uzito, jua kwamba tangu Agosti 2020 kanuni za mashindano ya Marekani haziliruhusu, na mwenye kushindana hulazimika kuliziba.

La nne ni aina. Matufe ya rezini hunywa mafuta na kufifia; ya plastiki hayanywi, na yanamtosha anayejifunza. Wakati mwingine la plastiki jipya, pamoja na kutobolewa, huwa nafuu kuliko la mtumba pamoja na fundi. Na kama shibiri inalingana na tatizo ni dole gumba pekee, muulize fundi kama kubadilisha tundu hilo moja kutatosha. Kuuliza si ujinga.

Tufe la binti yetu lilikuwa la ratili 15, na kati ya matundu mlikuwa na ufa ambao muuzaji hakuutaja. Fundi akamwambia kweli: ufa wazibika, uzito haupungui. Akaamua kuliuza. Rafiki yake akamshauri anyamaze kuhusu ufa, kama alivyonyamaziwa yeye. Hakukubali. Kuficha aibu ya bidhaa ni kumghushi mwenzio, na aliyeghushiwa jana hapati ruhusa ya kughushi leo. Akautaja ufa na uzito waziwazi, akalipwa dola 5. Sasa anatumia la plastiki, ratili 10, lililotobolewa kwa shibiri yake, na dole gumba limepoa.

Zile dola 15 nilimwambia azihesabu kuwa ada ya masomo. Nasi tunapokwenda sokoni, tuujumlishe ujira wa fundi kabla ya kufungua pochi, na tunapouza, tuanze kwa kuonyesha panapovuja.

Tukutane wiki ijayo, inshaAllah.