MATUNZO BAADA YA TALAKA: SHAURI HALIJAFUNGWA



Ipo kauli inayosikika tangu Manda, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, hadi Njombe na Makambako: "Kesi ya talaka ilikwisha, hakimu alikwisha kusema." Huitamka mwanamume atoaye kiasi kile kile alichoamriwa miaka kumi iliyopita, ingawa mali yake imeongezeka. Huirudia wazee wa ukoo na, tuseme kweli, hata baadhi ya viongozi wa jumuiya zetu. Kauli hiyo ni ya uongo, na uongo huo unawanyima watoto chakula na daftari.

Sheria yasemaje? Kifungu cha 121 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kubadili au kufuta amri ya matunzo wakati wowote, tena zaidi ya mara moja, endapo amri ilitokana na maelezo yasiyo ya kweli, au hali imebadilika kwa kiasi kikubwa. Mwombaji aweza kuwa anayelipwa au anayelipa. Kwa upande wa mtoto, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaka mahakama izingatie mapato ya wazazi pamoja na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi.

Kiasi kisichoguswa huleta nini, tumekwisha kuona. Sheria ya zamani kuhusu watoto waliozaliwa nje ya ndoa iliweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Mwaka 1971 shilingi 7 na senti kadhaa zilipata dola moja ya Marekani. Sheria hiyo ilipofutwa mwaka 2009, shilingi 100 hazikufikia hata sehemu ya kumi ya dola. Hakuna aliyeziiba, ziliyeyuka huku wakubwa wakitazama.

Ndivyo ilivyo kwa mama aliyerudi kwao Manda, anayeanika usipa na kulima muhogo. Siku ya hukumu mtoto alikuwa ananyonya na baba alikuwa kibarua. Leo mtoto yuko sekondari na baba ana lori la mbao. Kiasi kilichotosha uji hakiwezi kutosha sare, nauli na dawa. Kama hayo si mabadiliko ya hali, ni yapi?

Haki haina upendeleo. Mwanamume aliyepoteza kazi au kupatwa na maradhi naye anayo haki ya kuomba apunguziwe. Lakini asijichukulie sheria mkononi kwa kuacha kulipa. Mpaka mahakama iibadili, amri inaendelea, na malimbikizo ni deni. Vivyo hivyo, mwanamke akiolewa tena, matunzo yake mwenyewe hukoma, bali haki ya watoto haikomi.

Wapo watakaouliza: Kanisa halikubali talaka, ya nini kumsaidia mtalaka? Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2383, inafundisha kwamba talaka ya kiserikali yaweza kuvumiliwa ikiwa ndiyo njia pekee ya kulinda haki fulani na malezi ya watoto. Tena tukiamini kwamba kifungo cha ndoa hakivunjiki, wajibu wa baba utavunjikaje? Anayehubiri udumifu wa ndoa huku watoto wake wamelala njaa, anatetea kitu gani?

Basi tutende. Mwenye shida atafute nakala ya amri, akusanye stakabadhi za matumizi na ushahidi wa mapato, apeleke maombi katika mahakama iliyotoa amri hiyo. Asiye na uwezo awatafute wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao huwasaidia maskini bila malipo. Nauli ya kutoka mwambaoni ni mzigo mzito. Jumuiya ndogo ndogo zinazochangia misiba na harusi zichangie na hiyo. Nanyi viongozi, acheni kumwambia mama "vumilia" pale ambapo sheria inamwambia "njoo".

Mjane wa Injili ya Luka, sura ya 18, hakukubali kwamba shauri lake limekwisha. Alimrudia hakimu hata akapewa haki yake. Yeye alikwenda peke yake. Mama wa Manda asiende peke yake.