Msiwaite Wabishi

Nimechoka kusikia watu wa vijijini wakiitwa wabishi. Kila likizuka gonjwa, wakubwa wa wilaya, wataalamu wa semina na sisi waandishi tunarudia yale yale: hawana uelewa, wanaamini uvumi, wapelekewe elimu. Huo ni uongo, na ni uongo unaoua.

Tukumbuke mambo yalivyokwenda. Machi 16, 2020 mgonjwa wa kwanza wa corona nchini Tanzania alitangazwa, Arusha. Aprili 29 takwimu za Tanzania Bara zikasomwa kwa mara ya mwisho mwaka huo. Hesabu ya taifa ikagota kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, ikakaa hapo zaidi ya mwaka mzima. Vijijini watu waliendelea kuzika. Waliambiwa marehemu alipata "changamoto ya upumuaji", basi. Wakaosha maiti kama walivyofunzwa na wazee wao, wakalala msibani wamebanana kwenye jamvi moja, kwa kuwa hakuna mwenye dhamana aliyethubutu kuwaambia vingine.

Januari 2021, akiwa Chato, Rais Magufuli alisema chanjo hazifai. Februari Wizara ya Afya ikatamka kwamba haina mpango wa kuzipokea. Julai 28 mwaka huo huo Rais mpya, Samia, akachanjwa hadharani, na dozi 1,058,400 za kwanza zikaanza kwenda mikoani. Mkulima aliyesita mwezi Agosti alikuwa mbishi kwa lipi? Alikuwa ameisikiliza serikali yake vizuri kuliko wanaomtukana. Redio ile ile iliyomwambia mwezi wa pili akae mbali na sindano ilimwambia mwezi wa nane akunje shati. Hakuna aliyemwomba radhi wala kumweleza kilichobadilika.

Halafu lile tangazo la kunawa kwa maji tiririka na sabuni! Kwetu kiangazi kikikaza, mama anatoka nyumbani saa kumi alfajiri kupanga foleni kisimani. Anarudi na dumu moja la lita 20: ndilo la kupikia, la kunywa, la kuogesha mtoto. Gari la matangazo lilipita kijijini, spika zikapiga kelele, likaondoka bila kuacha hata mche wa sabuni. Na bado watu walitii. Nilivikuta vibuyu chirizi kwenye nyumba za udongo: kidumu kimetobolewa, kimefungwa kamba na kijiti cha kukanyagia, kipande cha sabuni kinaning'inia pembeni. Sabuni ilipokwisha, haikuja nyingine. Huo ndio mnaouita ukosefu wa elimu?

Ushahidi tunao. Mwanzoni mwa 2022 Watanzania waliokamilisha chanjo hawakufika 5 kati ya 100. Kufikia 2023 walikuwa karibu nusu ya wananchi wote. Watu ni wale wale, imani zao ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba chanjo iliteremka kutoka hospitalini, ikafuata watu gulioni, kanisani, msikitini na mlangoni kwao, mkononi mwa mtu wanayemjua.

Mtu huyo tunamjua sote. Ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Ndiye anayejua nyumba ipi ina mjamzito, mzee yupi anakohoa tangu juzi, nani wa kuambiwa kwanza ili ukoo mzima usikie. Akisema "shangazi, huyu tusimkumbatie", anasikilizwa, maana alikuwepo hata siku isiyo na gonjwa. Kwa miaka mingi tumemtumia bure na kuiita kazi yake kujitolea. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano. Vizuri. Nauchukulia mpango huo kama deni, na deni hudaiwa.

Kwa hiyo, kiongozi unayejiandaa kulaumu kijiji wakati wa gonjwa lijalo, kabla hujasaini mafuta ya gari la matangazo, nenda kamtafute mhudumu wa kitongoji hicho. Muulize ana sabuni, ana glovu, na mara ya mwisho alilipwa lini.