Mfalme Lear Hahitaji Farasi Muleba

Mwaka 2002 ilitoka nchini Marekani filamu ya televisheni iitwayo King of Texas. Ndani yake, tanzia ya Shakespeare kuhusu Lear, mfalme mzee anayewagawia binti zake ufalme kisha akafungiwa milango, imehamishiwa Texas ya karne ya 19. Mfalme amekuwa mwenye ranchi, naye ameigizwa na Patrick Stewart. Ufalme umekuwa malisho ya ng'ombe. Hiyo haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1954 filamu ya Broken Lance ilikwisha kumpa Spencer Tracy nafasi ya baba mwenye mifugo mingi na wana wanaomgeuka, na watazamaji wengi wakamtambua Lear chini ya kofia yake pana.

Wapo wenzetu wanaocheka wakisikia habari hizi. Kwao, kumpandisha Lear farasi ni kumshusha hadhi. Mimi sicheki. Naona kuwa waliotengeneza filamu hizo walifahamu jambo ambalo sisi waandishi wa Kiswahili tunalisahau kila tunapoigusa tanzia hii. Walifahamu kuwa habari ya Lear, kabla ya kuwa habari ya mfalme, ni habari ya ardhi: nani anaitoa, nani anaipokea, na nani anabaki nje lango likifungwa. Wamarekani wanapotaka kusimulia ardhi ambayo sheria yake haijatulia, wanao utanzu wao tayari, nao ni hadithi za kauboi. Walimpeleka Lear huko kwa sababu ndiko swali la ardhi linakoishi katika fikra zao.

Basi na sisi tujiulize: kwetu swali hilo linaishi wapi? Kwa mtu wa Bukoba na Muleba, jibu halihitaji kutafutwa mbali. Linaishi kibanjani.

Msomaji asiyeijua Kagera avumilie maelezo kidogo. Kibanja cha Mhaya ni migomba na mibuni iliyoizunguka nyumba, udongo uliorutubishwa kizazi baada ya kizazi, na makaburi ya waliotangulia humohumo chini ya migomba. Nje ya vibanja iko rweya, yaani uwanda wazi wa nyasi. Huko hukatwa nyasi za kutandaza migombani, na huko wanawake wamelima tangu zamani mazao ya msimu, yasiyompa mtu umiliki wa kudumu. Kibanja kina jina la ukoo. Rweya haina jina la mtu. Mwenye kibanja ana mahali pa kuzikwa. Aliyebaki na rweya ana msimu mmoja tu.

Nilipolitafakari hilo, tamthilia nzima ilijipanga mbele ya macho yangu. Shakespeare anamtoa Lear kwenye nyumba za binti zake na kumtupa uwandani usiku wa tufani, kichwa wazi, akipiga kelele dhidi ya radi. Huo uwanda ni rweya. Hauhitaji kubuniwa wala kuelezwa kwa tanbihi. Mzaliwa wa Kamachumu au Kanyigo akisikia kwamba mzee ametolewa kibanjani na kulala rweya, atajua ukubwa wa msiba kabla mhusika hajafungua kinywa.

Hata hivyo, hapa ndipo kazi ya kuhamisha inapoanza kuwa ngumu, na ndipo ninapotofautiana na wale wanaodhani kwamba inatosha kumwita Lear omukama na kumvika kanzu. Mwongozaji Akira Kurosawa alipoipeleka habari hii Japani ya kale katika filamu ya Ran, mwaka 1985, aliwageuza binti watatu kuwa wana wa kiume watatu. Mila ya wakuu wa vita aliowasimulia ndiyo iliyomlazimisha. Je, nasi tufanye hivyo? Mila ya Wahaya ingeturahisishia, kwa kuwa nayo huwapanga wana wa kiume katika ngazi za urithi, na musika, mrithi mkuu, ndiye mbele. Tungepata wana watatu, tungegawa kibanja, tungemaliza.

Nasema tusifanye hivyo. Tuwaache wawe mabinti, kwa kuwa hapo ndipo panapouma.

Fikirini. Katika tamthilia ya Shakespeare, hakuna anayeshangaa kwamba mfalme anawapa mabinti ardhi. Kosa lake ni kuwapima kwa maneno matamu na kumfukuza Cordelia aliyekataa kujipendekeza. Muleba ya mila ingeshangaa mapema zaidi. Kanuni za sheria ya mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilisema kuwa mwanamke aweza kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini hawezi kuiuza, isipokuwa pale ambapo ukoo hauna mwanamume hata mmoja. Kwa hiyo baba wa Kihaya anayesimama mbele ya ukoo na kumwachia binti kibanja anatikisa nguzo ya nyumba. Kinachoonekana London kuwa upumbavu wa uzeeni, Muleba kingekuwa uasi.

Wala sisemi jambo la kubuni. Mwezi Agosti 1988, mwanamke mmoja wa wilaya ya Muleba aliuza kibanja cha ukoo alichoachiwa na baba yake kwa wasia. Alikuwa amezeeka na hakuwa na mtu wa kumtunza. Aliyenunua alikuwa mtu baki, kwa bei ya shilingi 300,000. Siku ya pili yake tu, mwanamume wa ukoo aliyemwita shangazi alikuwa tayari amefungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kwamba mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana naye, ikaagiza mnunuzi arudishiwe fedha. Mahakama ya Wilaya ikaupindua uamuzi huo. Shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwezi Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akatamka kuwa kanuni ile inapingana na haki za usawa zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Kwamba mwanamke ana haki ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo sawasawa na mwanamume. Na kwamba wanaukoo wanaoitaka ardhi yao wanaweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi bei aliyoilipa.

Wanasheria wameijadili hukumu hiyo kwa miaka mingi. Washairi na watunzi wa tamthilia tumewaachia. Naona hilo ni kosa, maana ndani ya shauri lile mna kila kitu ambacho filamu za kauboi zinakitafuta kwa bunduki na vumbi: mgeni anayekuja na fedha mkononi, ardhi yenye makaburi, damu moja iliyogawanyika, na sheria mbili zinazokutana njiani, kila moja ikidai kuwa ndiyo mwenyeji. Tofauti ni kwamba kwetu mpambano wa mwisho haukuwa barabarani wakati wa jua kali. Ulikuwa mbele ya hakimu, kwa maneno. Na maneno ndiyo mali yetu sisi.

Sasa tazameni jinsi usaliti unavyohama. Kwa Shakespeare wasaliti ni mabinti wawili wakubwa, na msalitiwa ni baba. Muleba, baba ametimiza lake na amekufa. Mzee aliyebaki bila mtunzaji ni binti mwenyewe. Cordelia ndiye aliyekuwa Lear. Walioapa kwamba damu ni nzito kuliko maji hawakuonekana alipohitaji mkono. Walionekana siku ya pili baada ya mauzo. Tukiwageuza mabinti kuwa wana wa kiume, tunalipoteza hilo lote.

Lakini mtunzi atakayeiandika tamthilia hii asiufanye ukoo kuwa jitu la hadithi. Tanzia hufa pale ambapo upande mmoja hauna hoja. Yule mwanamume wa ukoo naye ana neno la kusema, na lazima aliseme kwa ufasaha usiopungua wa shangazi yake: kwamba kibanja si shati la kuuzwa likichakaa, kwamba babu yake yumo ndani ya udongo ule, kwamba mtu baki akishauzungushia uzio, wajukuu watahitaji ruhusa kulizuru kaburi. Mimi niko upande wa shangazi, na sifichi. Hata hivyo, nisipoweza kumwandikia mpinzani wake ubeti wa kunitoa jasho, nitakuwa nimeandika risala.

Huenda mtu akauliza: kwa nini tumsumbue Lear? Hatuna tanzia zetu za usaliti wa damu? Tunazo. Fumo Liyongo aliuawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni, naye kijana akiwa ameahidiwa makuu na mfalme. Na hapa Kagera tunazo tendi za enanga, ambazo Profesa Mugyabuso Mulokozi alizifanyia utafiti wa shahada yake ya uzamivu mwaka 1986. Sisemi tuziache. Nasema Lear anatuuliza jambo ambalo Liyongo hatuulizi: mzee afanye nini na ardhi, na binti ana nini katika ardhi hiyo? Tena tukimleta, aje akute wenyeji. Yule mchekeshaji anayemwambia Lear ukweli kwa mafumbo, kwetu angekuwa mtezi wa enanga, anayepiga nyuzi zake huku wazee wakigombana.

Kuhusu lugha, tunao mfano mzuri. Mwalimu Nyerere, aliyekwisha kutupa tafsiri ya Julius Caesar mwaka 1963, aliitoa nyingine mwaka 1969 na kuiita Mabepari wa Venisi. Angeweza kuandika "mfanyabiashara". Kwa neno moja la jaladani aliihamisha tamthilia nzima kutoka soko la Italia hadi mjadala wa Tanzania ya Azimio la Arusha. Ndivyo neno la mahali linavyofanya kazi. Vivyo hivyo, Lear wa Muleba aseme kibanja, asiseme "milki". Aseme rweya, asiseme "nyika". Aseme musika pale ambapo "mrithi" ni neno jepesi mno. Kiswahili sanifu hakitapungukiwa. Kimekwisha kula maneno ya bandari na ya bara, na bado kina nafasi.

Mimi nimeanza kwa ubeti mmoja tu, ambao nauweka hapa mbele yenu ili anayeweza auendeleze au aujibu kwa niaba ya ukoo. Anayesema ni binti mzee, amesimama mpakani, kibanja nyuma yake na rweya mbele:

Baba aliniusia, kibanja kwa maandishi,
Nyote mkashuhudia, wala hakuna ubishi,
Leo mwanigeukia, mwaniita ni mzushi,
Uzee umeingia, nani wangu mtumishi?

Swali la mstari wa mwisho halijajibiwa na hukumu yoyote. Mahakama iliweza kumpa haki ya kuuza. Haikuweza kumpa mtu wa kumletea maji. Hapo sheria inapokoma ndipo tanzia inapoanzia, na hapo ndipo ningependa kuwaona washairi wa Kagera wakishika kalamu.