Wageni wetu wa wodini

Wadau, mniwie radhi kwa ukimya, mitihani ilinibana. Leo wodini wameingia tena wanafunzi wa udaktari toka Uingereza, wiki sita. Sisi mwaka wa tano hakuna hata mmoja aliyewahi kwenda kwao, viza na nauli utatoa wapi, kwenye bumu? Na eti tunaita ushirikiano!

Vijana wenyewe hawana neno, mmoja kaninunulia chai. Ila chuo cha London cha tiba ya tropiki kilianzishwa 1899, Chamberlain, Waziri wa Makoloni, akikipigia debe ili maofisa wao wasiishe kwa malaria huku. Leo tumebaki palepale, wao waje, sisi tuwatafsirie wagonjwa.

Mi nasema akija mmoja, aende mmoja, gharama wao. Barua kwa mkuu wa kitivo nimeshaandika, kesho naipeleka. Nani anasaini?